Pumzi Niliyoihukumu Bila Kuiuliza

Izmir, Uturuki
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima wa mwili, na namwomba Mwenyezi Mungu maneno haya yakukute wewe na mama mkiwa na afya hapo Msambweni. Mgongo wa mama unaendeleaje tangu mvua zianze? Na ile minazi ya upande wa barabarani, je, imezaa mwaka huu? Barua nimeiandika kwa mkono kisha nikaipiga picha. Mwanasha ataichapa dukani Ukunda akuletee karatasi, kwa kuwa najua hupendi mambo mazito yasomwe kwenye simu. Na hili ni zito, angalau kwangu mimi.

Mwanasha aliniarifu mambo mawili katika simu moja. La kwanza, kwamba kikohozi chako hakijakoma tangu mwezi wa mfungo, na kwamba sasa unasimama kupumzika mara mbili kabla ya kufika msikitini. La pili, kwamba katika harusi yake muziki utatoka kwenye spika za kukodi, kwa sababu wewe umekataa kabisa kuigusa zumari. Alipokuuliza sababu, ulimjibu kwamba dada yake alikataza. Dada huyo ni mimi, na tangu siku ile sijatulia.

Naikumbuka vyema ile harusi ya Kombani mwaka jana. Ngoma ya sengenya ilikuwa imekolea. Ulianza kupuliza bibi harusi alipovuka kizingiti, na zumari haikukatika mpaka alipoketishwa, baada ya kuzungushwa uwanja mzima na wanawake wasiokuwa na haraka yoyote. Mimi nilikuwa kando yako. Niliyaona mashavu yamejaa, mishipa ya shingo imesimama, na ulipoishusha zumari ulikohoa hadi ukashika nguzo ya turubai. Hapo hapo, mbele ya wapiga ngoma wenzako, nikasema kwamba zumari inakupasua mapafu na kwamba ni lazima uiache. Nilikuwa na shahada moja na sauti ya watu kumi.

Hukubishana nami. Ulikifuta kile kisahani cha kifuu kinachokaa midomoni, ukaifunga zumari kwenye kitambaa chake, ukasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma." Shangazi Mwanakombo hakuiacha ipite: "Leo mzee kafungwa mdomo kwa cheti." Watu walicheka, nami nikacheka nao, nikiamini kwamba nimekuokoa.

Sasa nikueleze nilichokiona huku. Muhula huu nimepewa kazi ya kumsaidia mwalimu wangu katika chumba cha anatomia, mahali tunapojifunza kwa miili ya watu waliousia wenyewe kwamba wakifa wawafae wanafunzi. Kabla ya kugusa chochote mimi humwombea dua maiti, ijapokuwa sijui jina lake wala dini yake. Nilidhani nitaogopa. Badala yake nilistaajabu, na mpaka leo sijamaliza kustaajabu.

Bomba la hewa, baba, limejengwa kwa pete za gegedu zilizopangwa moja juu ya moja, nazo hazikufungika upande wa nyuma. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba nyuma yake hupita njia ya chakula, na tonge likishuka linahitaji nafasi. Juu yake kuna kifuniko kidogo kinachoinama tunapomeza, tusije tukapaliwa. Chini bomba linagawanyika, tawi moja kila pafu, na matawi yanazidi kugawanyika mpaka yanaishia kwenye vifuko vidogo mno, ambavyo ukuta wake ni mwembamba kiasi cha kuiruhusu hewa kuingia katika damu. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, kwa kuwa la kushoto limeupisha moyo. Na chini ya yote kuna kiwambo, kimewambwa kati ya kifua na tumbo, kinachoshuka na kupanda usiku na mchana bila mtu kukiamrisha. Nilikigusa kwa kidole nikamkumbuka kaka Hamisi akiipasha ngoma yake moto ili ngozi ikaze.

Nilipofika kwenye kinywa na mashavu ndipo nilipoanza kushtuka. Mwaka jana niliona mashavu yamejaa nikahukumu mapafu. Kumbe mashavu ni ghala la peke yake. Yanapoisukuma hewa kwenye zumari, sehemu ya nyuma ya kinywa inaweza kuzibwa, na pua ikavuta pumzi mpya wakati ule ule. Maana yake ni kwamba kifua chako hakikuwa kikikamuliwa mpaka kuisha, kama nilivyowatangazia watu. Kilikuwa kikivuta pumzi kwa zamu, kwa utaratibu ambao mimi msomi sikuuona, ingawa nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwako.

Wiki iliyofuata mwalimu alinipeleka wodi ya wagonjwa wa kifua. Huko niliwakuta wazee wameketi kwa safu, kila mmoja na chupa ya maji na mrija mdomoni, wanapuliza mapovu. Nikaambiwa ni zoezi la kuzifungua njia za hewa na kulegeza makohozi. Nilicheka, mzee mmoja akanikunjia uso, ikanilazimu nimtake radhi na kumweleza. Nilimwambia kwamba nyumbani kwetu baba huwafundisha hivyo hivyo wanaotaka kupiga zumari: bua la jani la mpapai ndani ya bakuli la maji, na mapovu yasikatike. Nilimwambia pia kwamba mimi na Mwanasha tulijaribu tukaishia kuyanywa maji yenyewe. Mzee alicheka mpaka akakohoa, muuguzi akanitazama vibaya.

Mwalimu wangu aliyasikia hayo akaniuliza unapuliza kwa muda gani bila kukata. Nilimweleza habari ya bibi harusi na uwanja mzima. Akaweka kalamu mezani. "Na ulimi anauweka wapi?" Nikasema sijui. "Umesimama karibu naye maisha yako yote, na hujui?"

Sitaki sasa nikimbilie upande wa pili kwa pupa ile ile, nikakuambia kwamba zumari ni dawa. Sijui. Yumkini inakuchosha, yumkini haina kosa lolote. Ninachokijua ni kwamba umeiacha mwaka mzima na kikohozi kimezidi, basi hoja yangu imepungua nguvu. Na kuna jambo ninaloona haya kuliandika. Mwaka ule ule mvua zilikufanya uhamishie ukaushaji wa mbata ndani ya banda la jikoni, na kila asubuhi nilikuona umeinama juu ya moshi wa makumbi ukizigeuza nazi. Nilipita hapo nikiwa na chai yangu, nikikusalimia, bila kusema neno juu ya moshi ule. Moshi ulikuwa ni wa nyumbani, nikauzoea. Zumari ilipigwa mbele za watu, nikaishuku. Hata hivyo huenda si moshi pia. Kikohozi cha muda mrefu hivyo kina sababu nyingi, na nyingine hazisubiri.

Kwa hivyo nakusihi, baba, wiki hii nenda hospitali na Hamisi. Wakupime makohozi, wakupige picha ya kifua, na usimfiche daktari habari ya moshi wala ya kuchoka njiani. Mbata zitolewe nje tangu leo. Ikionekana kuna maradhi, tutayatibu. Daktari akisema usipulize, nitakubali, ijapokuwa kwa uchungu. Lakini akikuruhusu, usiseme tena kwamba mwanao alikataza. Neno langu la Kombani nimelifuta, na nimemwomba Mwanasha alisome hili kwa sauti mbele ya wapiga ngoma wako, kwa sababu mbele yao ndipo nilipokuvunjia heshima. Nisamehe.

Nisalimie mama kwa mapenzi mengi, na Mwanasha, bibi harusi wetu. Kaka Hamisi mwambie nimemkabidhi safari ya hospitali, asiiahirishe. Shangazi Mwanakombo mpe salamu za pekee, na umwambie maneno yake ya siku ile yalikuwa ya kweli.

Na wewe, ukipata nafasi, niandikie: unapovuta kwa pua huku mashavu yanasukuma, ulimi unauweka wapi? Nimelitafuta jibu vitabuni, sijaliona. Nakuuliza wewe.

Ni mimi binti yako mwenye kukuheshimu,
Mwanajuma