Kumtafuta Mama Stoo ya Boma

Jumatatu, 7 Juni 1976

Stoo ya boma la Mwanza tena, zilikoletwa karatasi za Bukoba za wakati wa mkoloni. Vumbi, mavi ya panya, chafya mpaka kifua kinauma. Ndugu Masanja, mtunza mafaili, kanipa kiti kilekile kibovu na sheria zilezile: hakuna kalamu ya wino, hakuna chakula, hakuna karatasi kutoka nje. Kama vile nitayala mafaili yake.

Rafu ya ardhi nimeimaliza. Wapangaji wa Bukoba, hakuna. Madai ya wapangaji, hakuna. Nyarubanja ilitesa watu miaka yote ile, mtu mmoja anamiliki migomba ya kijiji kizima na wengine wanaishi humo kwa hisani yake, halafu kwenye karatasi za serikali ni kama hatukuwahi kuzaliwa.

Baraza la Bukoba linakaa Ijumaa, tarehe tisa Julai. Wanataka ushahidi kwamba Mama aliishi kwenye kile kibanja, shamba la migomba alilopanga Baba, na kwamba Baba kazikwa humo. Sheria ilipofuta nyarubanja, kibanja kilibaki kwa aliyekutwa ndani. Aliyekutwa ndani ni mtoto wa yule bwana mwenye ardhi, Mama alikuwa ameshafukuzwa zamani. Sasa huyo mtoto anasema hakuna mjane yeyote aliyewahi kukaa pale. Mama hadai hata mgomba mmoja. Anadai pa kulazwa tu, ubavuni mwa mumewe. Kwetu mtu anazikwa kwenye migomba yake, si makaburini kati ya watu asiowajua.

Jioni nimeingia tu mlangoni nyumbani, Mama kauliza kutoka kitandani:

"Umenikuta?"

Kila jioni anauliza hivyo, kana kwamba anakaa mle stoo. Nikasema bado.

Jumanne, 8 Juni

Maktaba ya mjini. Kitabu kinene juu ya ardhi ya Bukoba, cha Mzungu, kwa Kiingereza. Udongo, mvua, magonjwa ya mibuni, koo za watawala. Nimekisoma mpaka kurasa za nyuma kabisa. Mwanamke nimemwona mara moja, kwenye picha. Anapalilia.

Dada wa maktaba kanishauri niende parokia. Wamisionari waliandika kila kitu, anasema. Tutaona.

Foleni ya sukari imefika kwangu, sukari ikaisha. Siku gani hii jamani.

Ijumaa, 11 Juni

Parokia. Vitabu vya wafu wa Bukoba viko Bukoba. Nilijua. Nilikwenda kwa sababu siwezi kukaa nikiangalia miguu ya Mama inavyovimba. Padri ni mpole, kanipa chai ya rangi.

Jumapili, 13 Juni

Nimepika ndizi. Mama kaonja, kaweka sahani chini. Ndizi za Mwanza hazina utamu, anasema, zimekulia kwenye mawe. Nikamjibu vibaya kwamba basi ale ugali wa udaga, wa muhogo, kama wenzake wote hapa Mkuyuni. Nimejuta papo hapo.

Baadaye akaanza mwenyewe. Mibuni chini ya migomba, kivuli mchana kutwa. Nyasi zilizotandazwa nyumbani, harufu yake asubuhi. Mlamula alioupanda kichwani pa kaburi la Baba. Mlamula ni mti wetu wa mipaka na makaburi, ukishika ardhi haufi. Aliuchomeka siku ya tatu baada ya mazishi, akaumwagilia, na kabla haujatoa jani jipya akaambiwa aondoke.

Mimi nilitoka pale mgongoni kwake. Sikumbuki chochote. Lakini natamani kurudi. Natamani mpaka naona aibu, mwalimu mzima wa elimu ya watu wazima, natamani migomba ambayo sijapata kuiona.

Jumatano, 16 Juni

Nimekuwa mjinga. Masanja angesema nimekuwa Mhaya aliyesoma, ni kitu kilekile.

Nilikuwa nawatafuta wapangaji kwa jina la wapangaji. Leo nilichoka, nikakaa tu nikitazama migongo ya mafaili. Ndipo nikaona. Makarani wa zamani hawakuwa na faili la wapangaji. Watu waliingizwa kwenye faili la mwenye ardhi, pamoja na kahawa yake na ng'ombe wake. Ukimtaka mpangaji, mtafute bwana wake.

Nikaomba faili la yule bwana. Jina lake siliandiki hapa. Yeye hakuandika la Mama.

Faili nene. Analalamikia barabara, analalamikia kodi, analalamikia mizani ya kahawa. Halafu taarifa moja fupi kwa bwana shauri, Mzungu wa wilaya: mpangaji wake fulani amefariki, na hapo jina la Baba, limeandikwa vizuri kabisa. Kisha: wajane wawili wameondolewa, kibanja kiko wazi.

Basi. Anageukia habari ya daraja.

Nimelia mle ndani. Masanja akajifanya anapanga rafu.

Pembeni mwa ule mstari palikuwa na nafasi. Penseli ninayo mkononi. Jina la Mama lingeenea pale, na ukungu wa karatasi ungelificha. Nilitaka, sitajidanganya. Nikanakili mstari kama ulivyo. Masanja akalinganisha neno kwa neno, akagonga muhuri wa boma kwenye nakala.

Jioni Mama kauliza. Nikasema nimekukuta, Mama. Akaketi. Wiki nzima hajaketi mwenyewe.

"Wameniandikaje?"

Mjane, nikasema. Wajane wawili wameondolewa.

Nilidhani atafurahi, au atakasirika kwa kunyimwa jina. Akajilaza, akageukia ukutani. Hakula. Huyo wa pili ni nani? Labda karani alikosea.

Alhamisi, 17 Juni

Karani hakukosea.

Baba alikuwa na mke mwingine. Ni wa kwanza, tena. Anaitwa Kemilembe. Baba alipotaka ndoa ya kanisani na Mama, padri alimwambia amwache huyo kwanza. Akasema amemwacha. Akamjengea nyumba upande wa pili wa kibanja, nyuma ya mibuni, na Jumapili huyo hakuonekana. Mama akafunga ndoa, akawa ndiye mke. Wote wawili walitolewa siku moja, wameshika vyungu vyao. Tangu hapo Mama hakulitaja jina hilo. Mimi nimelelewa na masista, nimefundishwa kwamba Mama ni mke pekee wa Baba, na nimewahi kulisema hilo mbele ya watu kwa kiburi.

Mwezi huu wote nimewalaani makarani kwa kumfuta Mama. Kumbe hata Mama ana mtu wake aliyemfuta.

Nimekasirika kweli. Nimefua nguo zote za nyumbani, hata zilizokuwa safi.

Halafu nikauliza yuko wapi. Nikitegemea kusikia amekufa. Yuko Buhongwa! Hapa hapa Mwanza, anauza ndizi kando ya njia ya Shinyanga. Wamewahi kukutana soko la Mkuyuni, kila mmoja akageuza uso. Mji mmoja, miaka yote hii.

Jumapili, 20 Juni

Buhongwa, baada ya misa. Sikupata shida kumpata, waliniuliza tu: yule Mhaya mkali?

Mwembamba, mrefu, kitenge kimefungwa juu sana. Nikapiga goti, shikamoo Mama mdogo. Akaitikia marahaba, kisha akanirekebisha. Yeye si mdogo. Yeye ndiye mkubwa.

Akanitazama uso muda mrefu. Akasema nina paji la Baba. Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Mama ana picha moja tu na imeliwa na mende. Nilitaka aendelee, aniambie masikio, aniambie kicheko. Nikaona haya kuomba.

Nikamsomea nakala. Wajane wawili. Akaomba nirudie. Akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kiganja, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

Atakuja Bukoba, atasema mbele ya baraza. Lakini ana sharti. Mama amtaje. Si kwake faraghani, wala kwangu. Amtaje pale, watu wakisikia.

Jumatatu, 21 Juni

Mama kasema heri azikwe Mkuyuni kwenye mawe.

Jumamosi, 26 Juni

Bado kakataa. Mimi naye hatusemeshani. Nimemwambia neno zito, kwamba yule bwana na yeye wameandika kitu kimoja. Nililimaanisha. Sasa najisikia vibaya na bado nalimaanisha.

Alhamisi, 1 Julai

Leo asubuhi Mama kanituma Buhongwa na sahani ya samaki wa kukaanga, imefunikwa kitambaa. Hakusema ni ya nani.

Sahani imerudi na ndizi.

Alhamisi, 8 Julai

Bukoba. Tumefika na meli asubuhi. Mama na Mama mkubwa wamekaa benchi moja safari nzima na kikapu kati yao kama mpaka, na lile sharti bado halijajibiwa. Jana ilikuwa Sabasaba, abiria wengi wameimba. Hao hawakuimba.

Meli ilipokaribia, harufu ya nchi ikatufikia. Moshi, majani mabichi, kahawa inayoanikwa. Nikawaona wote wawili wamenyanyua pua kwa wakati mmoja. Waitu, akasema Mama mkubwa, neno letu la heshima. Mama akaitikia, na lilikuwa neno la kwanza kati yao.

Ijumaa, 9 Julai

Baraza lilikaa chini ya bati la ofisi ya chama. Mtoto wa yule bwana amevaa koti. Kasema kwa adabu sana kwamba hao ni vibarua waliopita tu, kahawa ikiiva.

Nikatoa nakala yenye muhuri. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Akauliza hao wajane wawili ni akina nani, hapana jina.

Mama akasimama. Nilimshika mkono, akautoa. Akasema jina lake. Akageuka akamtazama Mama mkubwa, mpaka nikaogopa. Halafu akasema, huyu ni Kemilembe, mke mwenzangu. Yeye alinitangulia. Nilimkuta ndani.

Watu wakaguna. Mama mkubwa hakuguna. Alikuwa anatazama chini, mabega yanatikisika.

Mwenyekiti ni mtu mwerevu. Akawatenganisha, akamwuliza kila mmoja kaburi liko wapi. Kila mmoja kwa wakati wake akasema kwenye mlamula, kando ya mibuni ya zamani, upande wa jua linapotua. Tukaenda wote kibanjani. Migomba imesongamana, tukawa tunapita kwa upande. Na mti upo. Mrefu kuliko nyumba, shina limegawanyika, hakuna aliyethubutu kuukata wala kusema uko pale kwa nini.

Nikauwekea mkono. Gome la baridi. Nilidhani nitakumbuka kitu. Sikukumbuka. Nililia tu, kwa sauti, kama mtoto.

Kibanja hawarudishiwi. Lakini pale penye mti ni pao, kwa maandishi, na kijia cha kufikia. Mama atalala kulia kwa Baba, Mama mkubwa kushoto. Walishapanga wenyewe wakati sisi tunatafuta wino.

Jumapili, 11 Julai

Nimerudi na meli peke yangu. Mama kakataa katakata kupanda. Wamekaa kwa kaka yake Mama mkubwa, ng'ambo ya njia, ukikaa barazani unaona ncha ya ule mti. Wanagombana kuhusu namna ya kuchoma ndizi. Nilipoaga, Mama kanishika paji la uso kwa kiganja chote, kama mtu anayepima homa. Akaniambia nisimletee dawa za Mwanza, nimletee wajukuu. Mtu huyu.

Miguu yake bado imevimba. Najua alichobakiza kufanya kule. Yeye pia anajua.

Jumatano, 14 Julai

Nimekwenda stoo kurudisha kibali. Masanja kauliza kama Wahaya tumeshinda maneno. Nikasema tumeshinda. Kisha nikamwomba faili lile kwa mara ya mwisho.

Ndani ya faili huandiki kitu. Lakini mtunza mafaili anaweza kutia kikaratasi chake mwenyewe, chenye tarehe na sahihi. Nikamtajia majina mawili, akayaandika pole pole kwa wino wake, la Kemilembe kwanza. Akakichomeka penye ule mstari, akafunga uzi.

Nimenunua sukari, leo ipo. Nimepita sokoni. Nimefika nyumbani jua bado liko juu ya ziwa, nikafungua mlango, nikasimama kidogo kizingitini nikingoja kuulizwa.