Weupe wa Aina Tisa

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Pokea salamu zangu kabla sijachafua hali ya hewa. Hujambo wewe? Shemeji yu salama, na ule mgongo wake umeacha kumsumbua? Mpwa wangu je, yule bingwa wa maswali? Sisi huku tunalala na kuamka, hatujambo, ila goti langu la kushoto limeanza kunung'unika kila likiiona ngazi. Wifi yako anakusalimu sana, anasema ile shali uliyomtumia haivui hata akiwa jikoni.

Barua yako ilinifikia wiki tano zilizopita. Najua umeninunia kwa kuchelewa, na una haki. Ulisema binti yako anataka kwenda kujifunza kuchora kila Jumamosi, kwamba umekataa, umemfungia rangi zake kabatini, na analia mpaka shemeji ameanza kukuona wewe ndiye mkorofi. Ukaniomba mimi mjomba wake, fundi rangi wa miaka thelathini, nimwandikie nimweleze kwamba mama yake alijaribu upuuzi huohuo na ukuta ukamuumbua. Nitakujibu. Lakini kwanza sikiliza nilikokuwa, maana jibu langu limetokea huko.

Nimepata kazi kwenye jumba la sanaa. Lina vyumba kumi na viwili vya picha za kutundika ukutani, ambazo watu wazima wenye akili zao timamu huvaa viatu vizuri wakaenda kuzitazama. Kazi yangu ni kufunga chumba kimoja, kukipaka rangi nyeupe, kukifungua, kisha kuhamia kingine. Nilijipa wiki sita niwe nimemaliza. Kumbe nilikuwa sijakutana na mhifadhi wao.

Mhifadhi ni mama mfupi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, na anatembea na stuli mkononi kama mwenzako anavyotembea na mkoba. Siku ya kwanza alinipangia vibao tisa, vyote vyeupe, akaniuliza kipi kinafaa. Nikamwambia vyote ni vyeupe. Akasema nitazame tena. Nikatazama, nikamwambia sasa ni vyeupe zaidi. Hakucheka. Ndipo akanipa sheria yake: hakuna fundi anayegusa ukuta wake kabla hajakaa nusu saa mbele ya picha itakayotundikwa hapo, kwa sababu weupe mwingine unaifanya picha ionekane mgonjwa. Nusu saa, mdogo wangu! Juu ya stuli! Nimepaka hospitali, nimepaka mahakama, nimepaka shule nne, na hakuna ukuta hata mmoja uliowahi kunidai uchumba.

Nikakaa. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikawatazama watazamaji. Loo, unajua mimi sina simile na watu wanaojitia ujuzi, basi pale nilikutana na kiwanda chao. Nilianza kuwahesabia. Mtu wa kawaida anaipa picha sekunde nane, na nne kati ya hizo anasoma kile kibao kidogo cha pembeni, ahakikishe kwanza kama aliyeichora ni mtu wa kusifiwa. Akishahakikisha, anarudi nyuma hatua moja, anainamisha kichwa, anavuta pumzi, anaondoka. Mwanamke mmoja alifika, akaipa picha mgongo, akajipiga picha mwenyewe, akaenda zake. Alisafiri mpaka pale ili picha imtazame yeye.

Halafu kuna mwelekezaji wao, ambaye mimi nimempa jina la Bwana Skafu, kwa kuwa hata joto likipanda vipi shingo yake imefungwa. Kazi yake ni kuwaongoza wageni na kuwaambia waone nini. Kwake nyekundu ni hasira ya taifa, kona tupu ni ukimya wa baba, na mstari uliopinda ni swali. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia watu ishirini kwamba doa fulani la kahawia ni jeraha. Lile doa nilikuwa nalijua, ni vanishi iliyochuruzika kwa sababu fundi aliipaka nzito na fremu ikasimamishwa mapema. Debe tupu, mdogo wangu, na skafu juu.

Lakini kilichonivunja mbavu ni siku niliyopaka viraka vyangu tisa vya kujaribia rangi kwenye ukuta mtupu, nikaenda kula. Kurudi, nakuta mume na mke wamesimama mbele yake, wameshikana mikono. Nikahesabu. Dakika nne nzima! Hakuna picha iliyopata heshima hiyo siku ile. Mwanamume akamnong'oneza mwenzake kwamba kinachomgusa ni jinsi kila weupe unavyoomboleza peke yake. Nikapita katikati yao na rola yangu ya rangi, nikaanza kupaka. Walinitazama kama niliyekojoa msikitini.

Usiku nikimsimulia wifi yako tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Nilijiona mjanja sana. Mtu mwenye akili, nilimwambia, hahitaji nusu saa kuona kitu kilicho mbele ya macho yake.

Sasa nikafika chumba cha saba. Picha yake ni ndogo, inaweza kukaa mapajani: meza, kitambaa, jagi na kiti kilichosogezwa nyuma kidogo. Bwana Skafu huwaambia wageni kwamba jagi ni upweke, kisha anawapeleka kunywa chai. Mimi nikakaa juu ya stuli na kinyongo changu. Taa yangu ya kazi nilikuwa nimeiweka chini, pembeni kabisa mwa ukuta, jinsi tunavyofanya ili mwanga ukwaruze na kutuonyesha mabonde ya lipu. Mwanga ukaikwaruza na picha. Nikaona upande wa kulia wa jagi kuna tuta jembamba, limepinda. Mtu wa kawaida halioni. Fundi rangi analijua, maana ni kitu kilichofunikwa. Mpini wa jagi ulikuwa huko kwanza, mchoraji akaufuta, akauchora upande wa pili.

Nilicheka peke yangu. Nikasema huyu naye alikosea kama sisi, na watu wanamsujudia. Nikaenda nyumbani nimefurahi. Usingizi ukakataa. Kwa nini aliuhamisha? Mpini ni mpini. Mimi nikikosea nafunika kwa kuwa mteja ataona, yeye alifunika kitu kilichokuwa sawa tu.

Usinicheke. Jumapili iliyofuata nilimdanganya wifi yako kwamba nimesahau pimamaji, nikavaa shati safi, nikakata tiketi kama wale mazuzu wengine. Nikakaa saa nzima. Jumapili nyingine tena. Ni mara ya tatu ndipo nilipong'amua. Mpini ukiwa kulia, jicho lako linatoka nje ya picha. Ukiwa kushoto, unakupeleka kwenye kile kiti. Na kiti kimesogezwa nyuma na mtu aliyeinuka sasa hivi. Kitambaa bado kina mkunjo wa kiwiko chake. Mdogo wangu, nilikaa pale mtu mzima, mvi kichwani, nikajikuta namsubiri mtu arudi mezani.

Nikamwambia mhifadhi habari ya lile tuta. Yuko na ile picha miaka ishirini na sita na hakuwahi kuliona. Hakujitia kujua. Alipiga magoti sakafuni pale pale, akaniomba nimshikie taa, akatazama mpaka miwani ikaingia ukungu. Aliponyanyuka alisema mimi nina jicho, akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mchoraji. Nikamjibu hakuna. Hakuna kabisa, nikasema, sisi ni watu wa kazi.

Hiyo ilikuwa mara ya pili nakufuta. Sasa nikwambie mara ya kwanza, na ukiisha kusoma uniite jina lolote.

Unyevu haukuula ukuta wako. Mimi ndiye niliyeupaka.

Unakumbuka mama alipougua, wewe ukiwa mbali kikazi, nilikaa naye miaka miwili. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimshikia beseni. Sikulalamika, alikuwa mama yangu. Alipofariki watu wakajaa nyumbani, na kila aliyeingia alikwenda moja kwa moja mbele ya ukuta wa sebuleni, pale ulipomchora ameketi kwenye cherehani yake, pini mdomoni, akasimama akalia. Walisema angalau kitindamimba amemweka mama hai. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimelala lini. Na kila mwaka, nilipokuwa nikiipaka nyumba ile, hii ninayokaa hadi leo, chumba hadi chumba, mama alikuwa akiniambia ukuta huo niuache. Nyumba nzima ilikuwa kazi ya mikono yangu na watu walikuwa wanaona ukuta mmoja tu. Wivu, mdogo wangu. Sina neno jingine, na sitalitafuta.

Ulipoaga ukarudi kazini, nilichukua ndoo iliyokuwa karibu, rangi ya maji ya hovyo kabisa, ile inayokuachia unga ukiiegemea kwa shati. Nikapaka makoti mawili, tabaka juu ya tabaka, kabla ya chakula cha mchana. Sikumtazama usoni. Nusu mwaka baadaye ukaja, ukakuta weupe. Nikakwambia unyevu ulipanda toka kwenye msingi, rangi yako ikavimba na kubanduka, nami nikalazimika kuisafisha. Ukaniuliza kwa sauti ndogo ulikosea wapi. Nikakujibu kitaalamu, mikono nimefumbata nyuma kama Bwana Skafu mwenyewe, kwamba hukupiga praima, ile rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine. Na wewe ukanishukuru! Ukasema afadhali umelijua hilo mapema, kumbe hukuzaliwa kwa kazi ile. Hujashika brashi miaka kumi na moja, na sasa unamfungia mwanao rangi kabatini.

Ulipiga praima, makoti mawili. Nilikuwepo, nilikukorogea mwenyewe. Ukuta ule ulikuwa umeandaliwa kuliko kuta nyingi nilizolipwa.

Asiyepiga praima ni mimi. Rangi ya maji ya hovyo haishiki juu ya rangi ya mafuta kama uliyotumia wewe, hilo kila anayejifunza kazi hii analijua wiki ya kwanza. Kila mwaka inabanduka vipande vipande, na kila mwaka naipaka tena, mlango nimeufunga, kama mwizi anayerudi kuficha alichoiba. Wifi yako anadhani napenda usafi. Na mimi huyu ndiye niliyekuwa nikiwahesabia watu sekunde. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, lakini nyani angalau hajifanyi fundi.

Jumapili iliyopita wifi yako alikwenda kwa dada yake. Nilileta beseni la maji ya uvuguvugu na sponji, nikaanza chini kabisa, kona ya kushoto. Weupe ukatoka kama uji. Rangi yako iko chini yake, haina hata ufa. Ukatokea mguu wa mama kwenye pedali, na ule ukanda wa kandambili alioufunga kwa waya, ambao nilikuwa nimeusahau. Nikapanda juu kidogo, mpaka kwenye kile kitambaa anachoshona. Miaka yote ile ya kupita mbele yake mara kumi kwa siku, mimi nilijua ni kitambaa cha buluu tu, basi. Nikashusha taa chini, nikakaa juu ya ndoo, nikatazama nusu saa.

Kina mifuko miwili ya pajani, mmoja umechanika kwa kubeba kisu cha kukwangulia. Gotini kuna kiraka. Ni ovaroli yangu. Ulimchora mama akinishonea ovaroli yangu, na mimi nikaifunika bila kuiangalia hata sekunde nane.

Nimeishia hapo. Uso wake bado uko chini ya weupe, na sitaufikia mimi. Njoo uufungue wewe, na uje na mpwa wangu. Maji ya uvuguvugu, sponji laini, kutoka chini kwenda juu, msikwangue. Ukisema hutaki kuniona, nitaacha ufunguo kwa jirani, nitoke nyumbani siku mtakazokuwapo. Wifi yako nimeshamwambia yote. Hajanisemesha tangu juzi, anapika anaweka mezani, anaondoka.

Na lile jibu lako ni hili: leo hii, kabla hujaikunja karatasi hii, fungua kabati. Barua uliyoniomba nimwandikie mtoto sitaiandika. Mwambie mjomba wake ni mwongo, na kwamba mama yake huandaa ukuta vizuri kuliko yeye.

Nisalimie shemeji, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa magomvi niliyomletea bila yeye kujua. Mbusu mpwa wangu vidoleni. Wewe sijui nikusalimu vipi, kwa hiyo nakuachia salamu yenyewe uipokee siku utakayoweza.

Ni mimi kaka yako,
mwenye ovaroli.