Kipimo cha Barabara ya Mkiwa

Jumatatu, 6 Julai 1998
Uji nusu kikombe. Vidonge vitatu. Nimeficha jambo moja kwa miaka sita: Juma, dereva wa shemeji yangu Saidi, hakuiba petroli. Mimi ndiye niliyemfanya aonekane mwizi. Daktari anasema moyo umechoka. Niandike.

Jumanne, 7 Julai
Serikali iliporuhusu watu kuagiza magari ya nje, Saidi alitaka gari la teksi. Nilimchagulia mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia. Gari dogo, limetumika Japani, halina kabureta. Petroli inanyunyizwa kwa kipimo. Nilimwahidi kilomita kumi na tatu kwa lita. Juma akawa anapata tisa, na petroli inazidi kupanda bei. Saidi akaniomba nipime. Nilikausha tangi, nikatia lita moja, nikaendesha kutoka Mkiwa kuelekea mjini mpaka gari likazima. Kumi na tatu. Juma alifukuzwa siku hiyohiyo.

Alhamisi, 9 Julai
Upepo. Mabati yanalia tangu alfajiri. Siku ile ya kupima pia ulivuma hivi, ukilisukuma gari kwa nyuma. Juma alikuwa akienda na kurudi. Mimi nilihesabu kurudi tu. Nimemweleza Saidi. "Mambo ya zamani hayo, shemeji. Pumzika." Sipumziki. Kwao Sepuka wanamwita Juma Mpira, kwa mpira wa kunyonyea mafuta. Hakuna aliyempa gari tena. Nimemtumia salamu aje.

Jumapili, 12 Julai
Amekuja kwa baiskeli, na chupa ya mafuta ya alizeti kwa ajili ya mgonjwa. Afadhali angeleta matusi. "Shikamoo, mwalimu." Nimeitikia nikiwa nimelala. Nikamweleza habari ya upepo. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mwizi ni upepo! Basi twende polisi, mwalimu, tukamshitaki." Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kama siku ile nilijua. Nikasema sikujua. "Basi yameisha, mzee wangu." Naona aibu.

Jumatatu, 13 Julai
Upepo umetulia. Uji nimeumaliza. Juma ameitwa tena, na Saidi pia. Nitawasomea ukurasa huu, mbele ya wote wawili.
Siku ile nilipima mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka mjini kwenda Mkiwa, upepo ukinikabili. Kilomita saba. Kwenda na kurudi, wastani ni tisa, kama Juma alivyosema. Gari nililichagua mimi. Karatasi niliyoandika saba niliichana, nikampelekea Saidi ile ya kumi na tatu.
Nilijua.