Salamu za Mama Ulizozitunga

Hosteli ya Wanafunzi wa Ng'ambo,
Leeds, Uingereza.
9 Februari, 1954.

Mpendwa kaka Yonasi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa mwili, na baridi ya huku nimeanza kuizoea. Desturi inanitaka nikuulize hali yako, ya shemeji Enesi, ya watoto, ya kahawa na ya ng'ombe. Nakuuliza basi. Ila safari hii nijibu kweli, kaka, kama bado unajua namna.

Jumatatu nilipata barua ya binamu Lusubilo kutoka dukani kwake Nakonde. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Aliandika habari za baiskeli yake, akaandika jinsi chumvi ilivyoadimika pale Tunduma, kisha akaweka mstari mmoja: "Pole tena kwa msiba wa shangazi, kaburi limeota majani, nimemwambia dada yako Yunisi alipalilie." Alisema "tena", maskini, akidhani pole ya kwanza mlikwisha kunipa. Akaendelea kunikumbusha mazishi ya Septemba kana kwamba habari zake ninazo. Nilisoma nimesimama kwenye ngazi, kofia kichwani, mpaka msimamizi wa hosteli akaniuliza kama naumwa.

Lusubilo hana shangazi mwingine ila mama yetu. Njia ya mwongo ni fupi, kaka, na yako imeishia Nakonde.

Tangu Septemba umeniandikia barua nne, na kila moja ina salamu za mama. Oktoba mama ananisalimu, anasema nisiache kula. Novemba mguu wake umepata nafuu. Desemba anapalilia maharage. Januari ukaniambia sweta nililomtumia limemkaa vizuri, analivaa kanisani, na wanawake wa Ihanda wanamwonea wivu. Nani anavaa sweta hilo? Kama ni shemeji, simlaumu, baridi ya Mbozi naijua. Wewe ndiye ninayekulaumu. Uongo wa kwanza ningeweza kuuita huruma. Huu wa sweta uliketi ukaupamba.

Tena kuna jambo hulijui. Mwalimu wetu hapa, Bibi Harding, alimwagiza kila mmoja afasiri barua ya kwao kwa Kiingereza na kuisoma mbele ya darasa. Mimi nikachagua ile ya maharage. Nikasimama mbele ya Wanaijeria, kijana mmoja kutoka nchi ya Malaya na msichana wa Saiprasi, nikawasomea jinsi mama anavyomgombeza jogoo wa jirani anayefukua mistari yake. Walicheka kwa mapenzi kabisa. Bibi Harding akasema siku akifika Tanganyika angependa kumwona mama huyo. Nikamjibu karibu, yupo, atafurahi. Nilisimama mbele ya mataifa, kaka, nikamkaribisha mgeni kwa marehemu, na kwa kazi hiyo nikasifiwa kuliko darasa zima.

Nilipofika huku nilikuwa nikiwacheka Waingereza. Wanaulizana hali na hawangoji jibu, kila mtu anapita zake. Nikajivuna moyoni kwamba kwetu Unyiha mtu huuliza mpaka habari za kuku. Leo sina cha kujivunia. Mwingereza asiyengoja jibu angalau hajadanganywa.

Najua utakavyojitetea. Utasema kwetu msiba hauandikwi. Aliye mbali haambiwi njiani wala kwa karatasi; hungojwa afike, akalishwe, apewe maji na chakula, ndipo mzee amwambie taratibu watu wakiwa wamemzunguka. Naijua desturi hiyo, nimeiona. Baba mdogo Raphaeli aliporudi kutoka migodini Rodeshia alikula ugali wote kabla ya kuambiwa habari za mkewe. Lakini katika miezi yote ile hakuna aliyemtumia salamu za huyo mkewe. Watu walinyamaza. Desturi ilikuruhusu kunyamaza, Yonasi. Haikukutuma umsemeshe maiti.

Utasema pia kwamba ningejua ningeacha masomo, na shule ya Ihanda ingekosa mwalimu wake wa Kiingereza baada ya mchungaji kunitangaza mimbarini. Pengine ningeacha. Hilo lilikuwa la kwangu kuamua. Kiingereza hicho mnachokisubiri ninacho, naweza kugombana kwacho na Mwingereza mwenyewe. Ila tangu Jumatatu nakichukia. Juzi wenzangu walikuwa wakisoma habari za maua ya mashambani, mimi nawaza nani alimwosha mama. Bibi Harding akaniuliza swali, nikamjibu kwa Kinyiha bila kujua.

Kwa wengine asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nyie mlinifanya niwepo bila kuniambia. Lusubilo anasema kaburini Yunisi alitupa udongo mara mbili, konzi moja yake, nyingine akataja jina langu kwa sauti. Nililia niliposoma hapo. Dada yangu alinizikia mama yangu, na siku ile mimi nadhani nilikuwa nacheza mpira.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Lusubilo, akidhani baadaye ulibadili nia ukaniambia, anasema ulisimama mbele ya waombolezaji ukatangaza kwamba mama mwenyewe, siku mbili kabla, alikataza nisiambiwe mpaka nimalize. Inawezekana. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ulikuwapo alipoficha homa yake ili mimi nikafanye mtihani. Kama kweli alisema hivyo, hayo ndiyo maneno yake ya mwisho juu yangu, nami nayataka kuliko cheti chochote. Lakini nitakuaminije? Mama hakujua kuandika. Miaka yote mkono wako ndio uliokuwa kinywa chake, na mkono huo umeniandikia vichekesho vyake akiwa chini ya udongo.

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii nakurudishia barua zako zote kumi na moja tangu nije huku. Nne najua ni zako. Saba za kwanza sijui tena. Chukua kalamu, na kila mahali aliposema mama kweli, akiwa hai, ameketi mbele yako, piga mstari chini yake. Pengine pote pachane. Usinipunguzie wala usiniongezee kwa kunihurumia, huruma yako imenitosha.

Nisalimie shemeji Enesi na watoto, na baba mdogo Raphaeli. Yunisi mwambie asante kwa konzi ile ya udongo, mengine nitamwandikia mwenyewe. Mungu akulinde na maradhi mpaka Julai, nikukute mzima na mwenye nguvu, maana nina ugomvi nawe usioweza kwisha kwa posta.

Na lile katazo la mama, kama lilikuwapo, niandikie kwa Kinyiha, kama lilivyotoka kinywani mwake, hata kama ni maneno mawili. Usilinyooshe kwa Kiswahili chako cha vitabuni. Nikilisoma nitajua kama ni yeye. Na kama hakusema kitu, kaka, usitunge tena. Nitumie karatasi tupu.

Mdogo wako, anayekupenda kwa shida,
Danford