Tarantela ya Vidole Viwili

Baba,

Gitaa yako haiendi popote. Iko hapa kwangu Silanga, imeegemea kitanda, nami najisikia kama nimeshinda uchaguzi.

Unakumbuka ulivyoileta ile tarantela nyumbani Gatina? Ulikuwa ukimtengenezea padri Mwitaliano viti vya kanisa, naye akawa anakupigia gitaa ukiranda mbao. Ulirudi na vumbi la mbao nyweleni na wimbo kichwani. "Hii kwao ni ngoma," ulituambia. "Ati buibui akikuuma, unacheza mpaka upone."

"Na mende je?" Mama akakuuliza, lakini tayari alikuwa ameinuka anatikisa mabega kama yuko kwao Kakamega. Ulipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, kama wazee wenu walivyokufunza, mimi nikigonga chupa ya soda kwa msumari. Kipande cha kwanza kilitoka safi. Cha pili, pale wimbo unapopanda, ulikwama miaka yote. "Hapo tuwaachie wenyewe," ulisema.

Tulipokuzika, Mama aliacha kucheza. Hata kanisani wenzake wakiinuka, yeye alikaa na pochi magotini. Kisha baba mdogo akaitaka gitaa.

"Hiyo ni ya vijana huko nyumbani. Wewe msichana utaifanyia nini?"

Nilibisha, unaujua mdomo wangu. Akasema mbele ya watu, "Sawa. Siku ya ukumbusho utupigie ile ya Mwitaliano, mwanzo mpaka mwisho. Ukikwama, naibeba." Alijua wewe mwenyewe hukuimaliza.

Nilihangaika miezi mitatu. Video za kwenye simu zilitaka vidole vinne na kucha ndefu. Baba, mimi nafulia watu nguo Riruta, kucha nitatoa wapi? Wimbo ulichechemea. Nililia, sikufichi. Asubuhi moja nikazima simu kwa hasira, nikapiga kwa vidole viwili kama wewe, na hapo nikaona kosa lako. Wimbo ukipanda, kidole gumba chako kilikuwa kinaufuata. Nikakiacha chini kiendelee na mdundo wake, cha shahada kikapanda peke yake. Vidole viwili vilikuwa vinatosha tangu zamani!

Siku yenyewe, watu wameshakula, baba mdogo alikaa mbele na mfuko wa gitaa tayari magotini. Nilipofika pale pako pa kukwama, nikakiacha kidole gumba chini. Nikapanda. Nikapita! Kijana mmoja akapiga kelele, "Weuwe! Rudia hapo!" Nikarudia, tena kwa maringo. Baba mdogo aliukunja mfuko wake polepole, akaukalia. "Kweli huyu ni wa ndugu yangu," akasema.

Nilipoinua macho, Mama alikuwa amevua viatu. Akasimama. Bega moja, halafu la pili, halafu yote mawili, akaja hadi katikati ya ua. Wote tukamkodolea macho.

"Mnaangalia nini?" akasema. "Buibui ameniuma."

Vidole viliniuma, Baba, lakini sikuacha kupiga mpaka alipoketi mwenyewe, anahema, anacheka.

Pumzika, fundi. Pale pako tumeshapavuka.

Ni mimi, kitindamimba wako.