Kikombe cha Kwanza ni cha Watoto

Mpendwa dada Scholastica, shikamoo. Nishike mkono, maana Jumamosi wanapiga kura na mimi nimechanganyikiwa.

Sisi akina mama wa Nyansurura tuna kampuni ya maziwa, aliianzisha marehemu mama yangu na wenzake, na kwenye katiba waliandika kwamba kila asubuhi, kabla ya kuuza, watoto wa shule wapate kikombe kwanza, na mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao, mpaka leo nikinusa kibuyu kilichofukizwa moshi namwona mama ametangulia njiani na ndoo kichwani, anaimba Kikurya, kanga imelowa umande, nami nakimbia nyuma nisiachwe. Sasa kampuni kubwa ya mjini inataka tuungane nayo, meneja wetu Nelson anasema tutapata tangi la kupozea na gari, ila nikimuuliza habari ya kikombe anacheka, eti hayo tutaongea baadaye, na kaka yangu Waitara ananiambia nikubali, niache ujuaji, wakati hisa mama aliniachia mimi. Nimeamua nisiende kwenye mkutano huo wa kura, kwa sababu kwetu kikao cha ukoo hakiamui jambo lako kama hupo, watakungoja hata wiki. Nikisusa si watasimama?

Bhoke, Nyansurura

Marahaba, mdogo wangu. Umenirudisha mbali, na mimi nililelewa na mama wa ndoo. Pole sana.

Ila kwenye kususa umepotea kabisa. Kampuni si ukoo, haimngoji mtu. Katiba uliyonitumia inasema muungano unapita kwa robo tatu ya kura za waliofika, kwa hiyo ukibaki nyumbani umenuna unamsaidia Nelson, na wala hatakushukuru. Inasema pia kwamba asiyetaka muungano anaweza kujitoa akalipwa thamani halali ya hisa zake, mradi awe amepinga kwa maandishi kabla ya kura. Lakini wewe hutaki kulipwa, unataka watoto wanywe maziwa.

Hata hivyo andika pingamizi lako leo, liwe akiba wakikushinda. Waitara mwambie kwa heshima kwamba hisa ni zako na utazisemea mwenyewe. Wazungukie wale mama waliokunywa kikombe kile utotoni, uwakumbushe. Jumamosi dai kikombe kiandikwe kwenye katiba ya kampuni mpya kabla ya kura, sio baadaye. Wakikataa, pingeni wote, mkizidi robo ya waliofika muungano haupiti.

Ondoka mapema, upite njia ile ile ya mama yako. Safari hii anayetangulia ni wewe.