Honi Mbili Kwenye Kivuko cha Mkoche

Jumanne, 5 Mei 1998

Mvua tangu alfajiri. Nepi hazikauki. Nimezitandaza juu ya boneti ya Shangazi – ndilo jina la Land Rover yetu – injini ikiwa bado ina moto. Mume wangu Muange akanikuta. Akasema gari si kamba ya kuanikia. Nikamwambia mwezi huu gari halina kazi nyingine. Akacheka kidogo tu. Nikajuta kusema.

Gereji kimya. Tangu vurugu za Agosti mwaka jana hoteli nyingi zimefungwa, magari ya safari yamepelekwa Nairobi. Kuku wa Hasina wa jirani wanataga chini ya lori bovu.

Lakini jioni Muange amerudi kutoka kwa Chande, mwenye duka la spea pale Kona ya Musa, ndiye mwenye kompyuta. Amerudi anatembea kama mtu mwenye habari. Akambeba mtoto, akanawa mikono baadaye, mtoto amejaa grisi. Kundi letu la magari lina barua! Moja tu, lakini ndefu. Rai wa Nairobi anakuja. Anataka njia ya zamani: apande Kwale, alale Shimba Hills, kisha ashuke Kivuko cha Mkoche mpaka Msambweni. Atapiga picha, atawaandikia wote waone kwamba huku bado kunapitika.

Muange amesema, wakiona picha watarudi. Amesema mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anajiambia mwenyewe.


Alhamisi, 7 Mei

Mwanangu Musyoki amelala. Naandika ya zamani, nisije nikayasahau.

Kundi la Matope. Jina alilitoa Chande. Watu wa magari ya porini, wengine Mombasa, wengine Nairobi, wengine Oman, Uingereza, mmoja Australia. Hawajaonana. Wanaandikiana kwa kompyuta juu ya difu na springi na matope. Jumanne na Ijumaa Chande anaunga simu, ile mashine inalia kama paka amekanyagwa, sote kimya tunasubiri. Wanaume wamekalia matairi. Mwaka wa tisini na sita barua zilifika arobaini kwa siku. Arobaini!

Picha zilikuwa zinafunguka kutoka juu. Kwanza mbingu. Halafu paa la gari. Halafu tunabishana kama dereva amezama au hajazama, kabla hatujamwona.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Muange kusoma ni shida kwake, mimi nimefika la nane. Chande ananifasiria Kiingereza, mimi naandika Kiswahili: njia ipi, kivuko kipi, chini kuna nini. Kina cha maji tulipima kwa Mangi. Mangi wa Msambweni ndiye aliyekuwa anatangulia majini kwa miguu, na fimbo yake, akitukana mpaka ng'ambo. Basi tukaandika maji nusu Mangi, maji robo Mangi. Yule wa Australia akaanza naye kupima mito ya kwao kwa Mangi. Hakujua Mangi ni mfupi. Tulicheka mpaka Chande akafunga mlango, wateja wasituone.

Nilipokuwa na mimba waliniuliza hali. Watu nisiowajua. Mmoja akaandika mwanamke mwenye mimba asipande nyuma kwenye Land Rover, springi zile hazina huruma.

Sasa daftari liko juu ya kabati. Nimelipangusa vumbi leo.


Jumapili, 10 Mei

Tumetoka kanisani tumelowa. Njiani nikamuuliza Muange, kwa nini asimwambie Mangi awapokee upande wa Msambweni? Ndivyo ilivyokuwa sikuzote.

Nyumbani akavua viatu vyenye matope kwanza. Halafu akasema. Agosti, watu wa bara tulipokuwa tunalala kwenye uwanja wa misheni, kuna mtu aliandika kwenye kundi kwamba sisi tuondoke Pwani kwanza, mengine yatafuata. Chande alijibu kwa hasira. Rai alijibu. Mangi hakuandika neno. “Mtu amenivuta matopeni mara nne,” Muange akasema, “hata salamu hakuniletea.”

Baada ya barua ile ndipo kundi lilipoanza kufa. Wengine waliaga, wengine walinyamaza tu.

Nikamwambia, basi angalau usiache honi.

Maana kundi lilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja. Ukifika kivukoni unapiga honi mbili. Aliye ng'ambo, ambaye ameshayapima maji kwa miguu, akiona sawa anajibu mbili. Ndipo uingie. Asipojibu, huingii. Hakuna honi ya kukataa. Mto ukipiga kelele huwezi kuhesabu mbili au tatu, kwa hiyo kukataa ni kunyamaza. Wazungu walisema wenyewe hawajaona sheria nzuri kama hiyo.

Muange akasema, “Ng'ambo siku hizi yuko nani? Nitapigia nyani?”

Akamkalisha Musyoki kwenye usukani, akamshika kiganja, wakapiga mbili. Honi ya Shangazi ina mafua, ya pili hutoka imekwaruza. Mtoto akacheka kwa mwili mzima. Kuku wakatawanyika.


Jumatano, 13 Mei

Rai amefika. Gari jipya, viatu vipya. Mtu mzuri, amemletea mtoto kofia. Ananiita mwenye daftari! Amesema kule Nairobi alikuwa anatangaza kwamba njia za Kwale zimeandikwa na mama mmoja kwa kalamu ya buluu. Nimeona haya nikaenda jikoni kuongeza chai.

Lakini ana haraka. Anasema wamebaki watu kumi na wawili kwenye kundi, na nusu hawafungui barua. Safari hii ikiharibika, ndiyo basi.

Usiku Muange akaniambia, nisomee Mkoche. Nikasoma, ukurasa wa Machi 97: Ingia kwenye mti wa mkoche uliopinda. Shika kushoto. Chini mchanga mgumu. Maji nusu Mangi.

Akarudia kwa kichwa kama mtoto wa sande skuli. Akauliza, baada ya hapo hakuna jingine? Nikapekua mpaka mwisho.

Nikasema hakuna.


Ijumaa, 15 Mei

Wameondoka saa mbili. Magari mawili. Watalala kwa baba yangu kule Shimba Hills, kesho washuke. Muange anatangulia na Shangazi, Rai nyuma yake. Wanatarajia kufika kivukoni alasiri.

Alimbusu mtoto mguuni. Mimi akanigusa bega, maana Rai alikuwa anatazama.

Mvua imekatika. Halafu imerudi.


Jumamosi, 16 Mei

Naandika ndani ya pikapu ya Chande, tunakwenda Msambweni.

Asubuhi nilikwenda dukani kwake kuuliza kama kuna waliojibu habari ya safari. Wawili tu. Nikakaa kwenye tairi langu la zamani, Musyoki mapajani. Nikamwambia Chande, nifungulie zile za zamani kidogo, nisikie. Akafurahi. Akasoma moja ya Australia. Akasoma ile ya springi. Nikamwambia, nisomee ya mwisho kabisa kabla ya kimya. Nilitaka kujua nani aliyezima taa.

Ilikuwa ya Mangi. Tarehe 21 Novemba, mwaka jana, katikati ya ile mvua kubwa. Ameandika Kiswahili. Nikamwomba Chande anisogezee kioo cha kompyuta, nikainakili mwenyewe:

“Kwa yeyote aliyebaki. Mkoche uliopinda bado umesimama lakini mto umehama chini yake. Kushoto hakuna mchanga tena, ni shimo. Mangi moja na nusu, fimbo haikugusa. Pita kulia kabisa, kwenye majabali. Muange, kama unasoma: usishike kushoto. Mengine nitakwambia kwa mdomo.”

Chande akanitazama. Akasema alidhani niliinakili zamani. Nikamwambia tarehe 19 nilijifungua. Sikufika dukani mwezi mzima. Na nilipopona, kundi lilikuwa kimya, sikuuliza kilichonipita.

Daftari langu halina ukurasa ule. Na mimi nilimwambia hakuna jingine. Mara ya kwanza ameniuliza kama nina hakika, na nimemjibu bila kukumbuka mwezi nilioukosa.

Simu ya kwa chifu kule Shimba Hills haijafanya kazi tangu mvua zile. Chande akapigia simu duka la dawa la Msambweni, ambako Mangi huandikia barua zake, akaomba Mangi aitwe. Nikasikia upande mmoja tu wa maneno. Chande alisema kivuko, akasema Muange, halafu akasikiliza. Akaweka simu chini, akasema Mangi hakuuliza lolote ila saa.

Akafunga duka. Jumamosi, mchana kweupe. Wateja wawili mlangoni wakamuuliza kuna msiba? Akasema bado.

Hasina amenitupia kanga kavu na chupa ya uji dirishani. Hakuuliza. Amesema tu atawaangalia kuku, kana kwamba kuku si wake.


Jumamosi hiyo hiyo, saa tisa na nusu

Kivukoni. Ndani ya gari la Mangi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Mangi alikuwa anatusubiri barabarani, gari linanguruma. Amekonda. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika marahaba, akanishikia mtoto nipande. Chande amebaki barabara kuu, pikapu yake haiwezi matope haya.

Tukavuka shamba la minazi. Halafu, bila kunitazama:

“Niliandika, shemeji. Agosti ile. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Kila neno niliona dogo.”

Nikamwambia, la Novemba hukulifuta.

“La Novemba lilikuwa la maji. Maji nayajua.”

Nikamwambia Muange hakuwahi kulisikia. Kwamba kosa ni langu. Akabadilisha gia, akasema mtoto ana miezi mingapi? Nikamwambia Jumanne anatimiza sita. Akahesabu kimoyomoyo. Nikaona midomo inatembea. Akasema, basi usijilaumu, siku zile ulikuwa na kazi kubwa kuliko ya kuandika.

Sasa mto. Sijapata kuuona hivi. Mwekundu, unabeba magogo. Mkoche uliopinda uko pale pale ng'ambo, umeinama vile vile, mzuri, unakaribisha. Angekuja mtu yeyote mwenye daftari langu angeuamini. Njia yenyewe wanayoshukia hatuioni, matete yameifunika. Kwa kelele ya maji huwezi kumwita mtu.

Mangi amevua shati. Amechukua fimbo yake – ile ile – anavukia juu, kwenye majabali, atokee ng'ambo awazuie. Kabla hajaingia alikuja dirishani.

“Shemeji, usiguse honi. Akipiga hata mara kumi. Ukijibu, anaingia.”

Nikamwambia sheria naijua, niliiandika mimi.

“Nauambia mkono, sikiambii kichwa,” akasema.

Honi ya gari hili ni nyepesi, ukiigusa tu inalia. Nimejibana kwenye mlango wa pili, Musyoki nimemfunga na kanga. Anautazama usukani. Anaujua.

Je, kama hapigi tena? Alisema atapigia nyani. Ikiwa hapigi, kunyamaza kwangu hakuna maana yoyote, atashuka tu moja kwa moja, kushoto, anarudia maneno yangu kwa kichwa.

Mangi yuko kwenye jabali la tatu. Ameteleza. Amesimama. Maji yamemfika kifuani, na yeye mtu mfupi.

Nasikia gari. Au mvua. Hapana, gari.

Mawili.

Mungu wangu, apige.

Honi. Mbili.

Ya pili imekwaruza. Ni Shangazi. Ni yeye. Hajaacha! Mwaka mzima hapana wa kumjibu na bado anapiga, anaulizia ng'ambo kama kuna mtu.

Yuko mtu. Mke wako yuko, na mtoto, na Mangi yuko majini anakufuata. Hatua moja tu kutoka hapa mpaka kwenye ile honi. Natamani kumwambia nipo. Hilo tu, nipo. Mkono wangu mwenyewe ndio ninaouogopa, si wa mtoto.

Musyoki ameisikia. Amegeuka huku na huku, anamtafuta baba yake kwenye kioo. Anacheka. Amechomoa mkono mmoja kwenye kanga, nimeurudisha.

Mangi simwoni tena. Naiona fimbo.

Honi tena. Mbili.

Nanyamaza. Nanyamaza kwa nguvu zangu zote, baba Musyoki.

Matete yametikisika. Injini imepanda sauti. Anaingiza gia, naisikia ile ngurumo ya Shangazi ya gia ya kwanza, au ni ya kurudi nyuma, zinafanana, sikuwahi kumuuliza zinatofautianaje –